Picha ya Nyonga ya Bibi Yako

Mchafukoge, Alhamisi, baada ya Alasiri

Zakia mwanangu,

Salamu tulipeana asubuhi mlangoni, na wewe ulinihimiza niache kukuangalia kama mtu anayehesabu mizigo, kwa hiyo salamu naziruka. Wewe na bibi yako mmekwenda Kariakoo kutafuta sweta, kwa sababu kuna mtu amemwambia kwamba Delhi kuna baridi ya kuua, na bibi yako haamini sweta lililochaguliwa na mtu mwingine. Nimewaona kutoka dirishani mkivuka barabara, yeye mbele na fimbo yake, wewe nyuma na mkoba wake, na dereva wa bajaji amesimama mwenyewe bila kuambiwa. Mimi nimekaa kwenye meza ya jikoni. Nina jambo la kukuambia, na sijui nianzie wapi, wala sijui kama ni langu kulisema.

Mambo ya pasipoti, dawa za tumbo na chakula cha kwenye ndege shangazi zako wameshakueleza, wengine mara tatu. Huko sina la kuongeza.

Kesho alfajiri unakwenda kusomea kazi yangu. Watu wananipongeza kwenye ngazi, nami naitikia, "Ahsante, tumshukuru Mungu." Lakini ukiniuliza kama nimefurahi, sijui nikujibu nini. Nimefurahi. Halafu nikiingia ndani najikuta nimekasirika, na simjui niliyemkasirikia. Jana nimemgombeza fundi wa feni ambaye hakuwa na kosa lolote, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mzee, binti ndio anaondoka, eh?"

Hapa mtaani hakuna anayejua hasa ninachofanya. Wapo wanaodhani napiga eksirei, na wapo wanaodhani natengeneza mabomu kwa siri. Kinyozi wa pale chini ananiita Mzee wa Mionzi tangu wewe uko shule ya msingi, na mpaka leo nikipita anawaambia vijana wake, "Zimeni simu, Mzee wa Mionzi anapita." Babu yako aliyeuza vitambaa Kariakoo maisha yake yote alikufa akiwaambia wateja kwamba mwanawe ni daktari wa picha. Nilichoka kumsahihisha.

Na wewe pia, sidhani kama umewahi kuisikia kazi hii kutoka kwangu vizuri. Nikirudi nyumbani huwa sitaki kuisema. Basi nikuambie kidogo, kwa sababu bila hivyo jambo lenyewe halitaeleweka. Eksirei inammulika mtu. Sisi hatummuliki. Tunamchoma sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, anakaa anangoja dawa iingie kwenye mifupa, tunamnywesha maji mengi, anakwenda haja ndogo kila mara ili ile iliyozidi itoke. Kisha analala chini ya kamera, na kamera kazi yake ni kupokea tu kile kinachotoka mwilini mwake. Mahali ambapo mfupa unahangaika dawa inajaa, na kwenye kompyuta panatokea doa jeusi. Daktari ndiye anayesoma lile doa ni nini. Sisi mafundi tunaliona kabla yake, mgonjwa akiwa bado amelala pale, na haturuhusiwi kusema.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Nilipokuwa bado mgeni kazini alikuja mzee mmoja mpakiaji wa mizigo bandarini, mtu wa miraba minne, analalamika mgongo. Nilimpiga picha huku jino linaniuma vibaya sana. Akashuka kitandani, akaondoka bila kuuliza kitu. Aliporudi kuchukua majibu, daktari akamwambia mifupa yake haina tatizo, ni misuli tu. Yule mzee badala ya kwenda kwao akaja moja kwa moja chumbani kwetu.

"Wewe kijana," akaniambia, "siku ile ulinikunjia uso pale, nikajua nimekwisha. Nimeshawakusanya wanangu. Baiskeli nimemgawia mdogo wangu, na sasa hataki kurudisha. Ulikuwa na nini?"

"Jino, mzee wangu."

"Jino!" Akawageukia watu wote waliokaa kwenye benchi. "Eti jino!"

Mpaka leo nikikumbuka nacheka, lakini siku ile sikucheka. Tangu hapo nikajifunza uso mwingine, usiosema kitu, uwe umeona msiba au umeona heri. Mgonjwa akiniuliza, "Umeona nini?" namjibu, "Daktari atasoma." Nilijivunia uso ule. Wanafunzi nikawafundisha. Nikaja kugundua kwamba uso ule hauvuliwi kwenye ngazi kama viatu nikirudi nyumbani, unakaa. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akinipiga kofi la begani akisema niurudishe hospitali ulikotoka. Alipofariki nikauvaa kwako karibu mwaka mzima, nikidhani nakulinda. Wewe ukahamishia godoro lako chumbani kwa bibi, kwa sababu yeye alikuwa analia kwa sauti na mtu anajua yuko wapi. Nilikuona unaliburuta lile godoro ukumbini. Sikukuuliza kitu, na sikukusaidia kulibeba.

Sasa bibi yako. Unajua tunavyoishi mimi na yeye. Alikuja kukulea baada ya mama yako kutuacha, akabaki, na miaka yote hiyo mimi ni mkwe na yeye ni mkwe, tunapishana humu ndani kama wapangaji wa nyumba mbili. Nikitaka kuingia jikoni nakohoa kwanza. Yeye akinisikia anavuta mtandio na kugeukia upande. Chakula changu nakikuta kwenye meza kimefunikwa kawa, hatujawahi kukaa sinia moja. Unakumbuka siku choo kilipoziba? "Zakia, mwambie baba yako choo kimeziba," na mimi nimesimama palepale. Nami nikajibu, "Zakia, mwambie bibi yako nimesikia." Ulitucheka mpaka ukakaa chini. Lakini ndiyo heshima tuliyofundishwa, na nakuapia imetusitiri, maana nyumba yenye msiba na watu wawili wasio wa damu moja ingeweza kuwa na ugomvi kila siku.

Tangu mwezi wa Ramadhani nyonga inamuuma. Daktari alipoona kwamba titi lake moja liliwahi kuondolewa kwa ajili ya uvimbe, wakati ule wewe uko darasa la pili, akataka picha ya mifupa. Tarehe ilisogezwa kwa sababu dawa yetu huja kwa ndege na ndege ilichelewa, ndiyo maana ikaangukia juzi Jumanne, katikati ya pilikapilika za safari yako. Wewe ndiye uliyemleta. Ulikaa kwenye benchi nje.

Kuna kitu kimoja ninachowagombezea wanafunzi kuliko vyote. Dawa ile inatoka kwa mkojo. Kwa hiyo mgonjwa akitoka chooni lazima aambiwe: nguo za ndani vua, jisafishe, vaa gauni letu. Tone moja likidondokea kwenye paja au kwenye nguo, kamera haijui kama ni mkojo au ni mfupa mbovu. Inachora doa lilelile. Nimewahi kumfukuza mwanafunzi chumbani kwa kuona aibu kumwambia mzee maneno hayo. Nilimwambia, "Ukiona haya hapa, kauze maua."

Kwa wanawake kazi hiyo anaifanya Sista Eliwaza. Jumanne yeye ndiye aliyemchoma bibi yako sindano. Lakini kabla zamu ya kamera haijafika alipigiwa simu kwamba mwanawe ameanguka shuleni, akakimbia. Nikabaki mimi. Bibi yako akatoka chooni na nguo zake zilezile, kanga ndani na baibui juu, mtandio umefika puani, anatazama ukuta. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Mama, karibu ulale." Basi, sikusema jingine.

Picha ikaanza kujitokeza, kuanzia kichwani kwenda chini. Fuvu, mabega, mbavu, uti wa mgongo, vyote vizuri. Kisha likatokea doa chini ya nyonga, kwa ndani, upande uleule unaomuuma. Dogo, jeusi sana.

Ningeweza kumgeuza ubavu nikapiga picha nyingine, maana mkojo ukiwa juu ya ngozi unajitenga na mfupa ukitazamwa kwa pembeni. Lakini kumgeuza ilikuwa lazima nimshike kiuno mama mkwe wangu. Ningeweza kumngoja Sista Eliwaza arudi. Ningeweza kukuita wewe umpeleke akajisafishe, na hilo lilikuwa rahisi kuliko yote. Nilikuja mpaka mlangoni. Ulikuwa umeinamia simu, ukainua kichwa.

"Baba, vipi?"

"Bado kidogo," nikasema, nikafunga mlango.

Sikukuita kwa sababu ungeuliza kwa nini tunarudia. Wewe si mtu wa kudanganywa na neno "utaratibu". Ungejua kuna kitu nimeona, siku tatu kabla ya safari. Kwa hiyo nilimwambia bibi yako ashuke, taratibu, na fimbo nikampa huku natazama pembeni. Jioni kwenye bajaji ukaniuliza, "Baba, umeona nini?" Nikakujibu, "Daktari atasoma." Ukacheka, ukasema, "Baba, usinizingue na hiyo sauti ya kazini. Na mimi ndio nitafundishwa kusema hivyo?" Bibi yako alikuwa katikati yetu. Hakucheka.

Tangu hapo sielewi kitu, Zakia. Usiku nalala nikiliona doa, nikiamka nimeshalifuta mwenyewe, nikinywa chai limerudi. Kuna saa naapa kwamba ni mkojo, mahali penyewe ndipo unapodondokea kila siku. Kuna saa nakumbuka lile titi. Nimekuwa kwenye kazi hii miaka mingi kiasi kwamba madaktari vijana huniuliza kwa siri mimi naonaje, na picha hii moja siijui, kwa sababu sikufanya kile ambacho kingeniwezesha kuijua. Kurudia leo haiwezekani. Dawa ilishaisha nguvu mwilini mwake, na nyingine itakuja wiki ijayo. Wakati huo wewe uko darasani Delhi.

Nikikuambia, hutapanda ndege. Nakujua. Utasema mwakani utajaribu tena, na nafasi kama hiyo haimngoji mtu. Nisipokuambia, halafu likaja kuwa jambo kweli, utaambiwa kwa simu ukiwa peke yako kwenye chumba cha watu. Utakumbuka kwamba nilifungua mlango ule nikasema bado kidogo. Na mimi nikuambie nini hasa? Kwamba nimeona doa? Nimeliona. Kwamba bibi yako anaumwa? Sijui. Mtu mzima anamwandikia mwanawe barua kumwambia hajui! Nimekwishaanza kuchana karatasi hii, pembeni utaona.

Pengine ni kwa sababu unakwenda kuisomea kazi yenyewe. Watakuambia ni kazi ya mashine na hesabu za dawa, na utaipenda, una kichwa cha hesabu. Mimi kilichonishinda si mashine. Kilichonishinda ni kumwambia mtu ninayemheshimu maneno matatu ya chooni. Mgeni ningemwambia bila kupepesa jicho. Kadiri mtu alivyo karibu na mimi ndivyo nilivyomfanyia kazi mbovu zaidi, na nikaiita heshima. Nimekaa hapa nikijaribu kukumbuka ni mara ngapi nimekufanyia na wewe hivyo, na nimeona niache kuhesabu.

Nasikia fimbo kwenye ngazi. Mmerudi. Naacha hapa.

*

Baada ya Magharibi

Umeingia, umenionyesha sweta la kijani, nikasema zuri, ukasema sijaliangalia. Kweli sikuliangalia. Kisha ukatoka kwenda Upanga kuwaaga wenzako. Nyumba ikabaki na watu wawili.

Nikaenda jikoni. Nikakohoa mlangoni kama kawaida, lakini safari hii sikungoja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akavuta mtandio. Alikuwa anachambua mchele. "Zakia katoka."

"Najua, Mama. Nimekuja kwako."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Sidhani kama nimewahi kumwambia sentensi hiyo.

"Jumanne," nikasema, "ulipotoka chooni ilitakiwa nikuambie ubadilishe nguo, ujisafishe, ndipo ulale. Kila mgonjwa namwambia. Wewe sikukuambia. Nilikuonea haya."

Akaanza tena kuchambua, nikadhani nimemkosea adabu na sasa atahama nyumba. Halafu akasema, akiuangalia mchele, "Baba Zakia, mimi haja ndogo ilinitoka kabla sijafika. Maji yote yale mliyoninywesha, na mguu huu hauendi. Kanga ya ndani ikaroa. Nikasema, ntamwambia nani? Sista hayupo. Mtoto yuko nje na watu. Na wewe mkwe wangu, ntakwambiaje? Nikanyamaza, nikalala hivyohivyo."

"Upande gani, Mama?"

Akanionyesha kwa mkono juu ya gauni lake. Upande wa doa.

Nilitaka kucheka, machozi yakanitoka. Tulikuwa tumelala na siri ileile siku mbili, yeye chumba kile na mimi chumba hiki, kila mmoja anamsitiri mwenzake. Akaniona nafuta macho. Akashusha mtandio mpaka kidevuni, akaniangalia, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nimemuoa binti yake, akasema, "Kaa, mwanangu. Hicho kiti hakina mwiba." Kisha akasema kanga ile ameshaifua, nisije nikadhani ni mtu wa kuweka uchafu.

Nikakaa. Na nikamwambia ukweli wote, kama ninavyokuambia wewe sasa, usije ukaruka ukashangilia. Mkojo unaweza kukaa juu ya mfupa mzima, na unaweza kukaa juu ya mfupa mgonjwa. Picha ile haitasema ni upi. Nyonga bado inamuuma. Itabidi turudie wiki ijayo dawa ikifika, na Sista Eliwaza atamsimamia tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Ntarudia," akasema. "Na Zakia umemwambia?"

"Sijamwambia. Akijua hataondoka."

"Kwani anaondoka kwa kuwa hajui?"

Akaendelea kuchambua mchele, kwa hasira kidogo, punje zinaruka.

"Mtoto anakwenda kujifunza kukaa na wagonjwa. Wewe unaanza kwa kumficha mgonjwa wake mwenyewe! Mwambie leo. Akitaka kubaki, mimi ndiye ntakayemfukuza. Lakini nataka nimfukuze hali anajua."

Nikatoka, nikampigia simu daktari. Nikamweleza kwamba picha ile niliipiga vibaya na kwa nini, kwamba mgonjwa ni mkwe wangu, asiisome, tutarudia. Akanigombeza kama ninavyowagombeza wanafunzi, tena kwa maneno yangu mwenyewe, maana yeye pia alipitia mikononi mwangu. Nilimwitikia ndiyo kila mara. Nimejisikia vizuri na vibaya kwa pamoja, na bado sijui kipi kimezidi.

Sasa unajua yote ninayoyajua. Wiki ijayo nikishaona picha nitakupigia simu mimi mwenyewe, si shangazi yako. Daktari akishasoma, nitakuambia alivyosoma, liwe jema au baya, na sauti yangu ikitetemeka itetemeke. Siwezi kukuahidi kwamba itakuwa habari njema. Nimekaa nikitafuta namna ya kuandika sentensi hiyo ikawa laini, nimeshindwa.

Nina hofu, Zakia. Ninamwogopea yeye, ninakuogopea wewe, na nyumba hii kesho naiogopa. Nakupenda, na hili ningeweza kukuambia siku yoyote bila kuandika karatasi zote hizi.

Nilikusudia kuificha barua hii kwenye begi uikute huko. Nimebadili mawazo, nakupa mkononi ukiingia. Isome hapahapa, sisi tupo. Ukiwa na la kuuliza uliza, ukitaka kulia lia kwa sauti. Na ukiamua kubaki, mimi sitakuzuia, wala ukiamua kwenda sitasema huna huruma. Ila mazungumzo ya kubaki kayafanye na bibi yako. Amekaa mlangoni na fimbo yake, na begi lako ameshalifunga.

Baba yako